Gurudumu la Meno Thelathini na Saba

Mlango wa karakana ya marehemu Muzee Bruno, kule Kasha mjini Bukavu, ni wa bati nene, nao umechorwa mistari kutoka chini hadi juu. Wapita njia hudhani ni pambo. Mtu mmoja wa kanisani aliwahi kusema unafanana na cahier, daftari la mtoto wa darasa la kwanza primaire, na Venant, mwana mkubwa wa Bruno, akacheka tu kwa sababu hakujua aanzie wapi kueleza. Venant si mtu wa maneno. Alisoma hadi mwaka wa tano wa primaire, akaingia karakanani, akashika poste ya soudure, mashine ya kuunganishia chuma, na kwa miaka thelathini na kitu mdomo wake umekaa nyuma ya kinyago cha kazi hiyo. Yuko vizuri pale. Mteja akiingia, huinua kinyago kidogo, husema "Karibu," kisha huelekeza kwa kidevu upande wa dada yake.

Dada yake ni Cibalonza. Yeye ndiye mwenye tour, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Ni nzito kama ng'ombe watatu. Baba yao aliinunua ikiwa imekufa, akaipandisha Kasha vipande vipande, akaifufua kwa mwaka mzima. Kwa desturi ingekuwa ya Venant, maana ndiye mkubwa, na Muzee alimjaribu kweli. Lakini mikono ya Venant inapenda moto, na tour inataka mtu anayejua kungoja.

Cibalonza alikuwa akiwaletea chakula cha mchana, bugali na sombe, kisha harudi nyumbani. Alisimama akitazama hadi sahani zikakauka. Siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alimwambia baba yake kwamba kisu kinalia vibaya. Muzee akasimamisha mashine, akapitisha ukucha kwenye ncha ya kisu, akakuta imebanduka kidogo, kiasi cha chembe ya chumvi. Kesho yake alimgongea kibao cha kusimamia ili afikie mikono ya mashine. Venant alikuwepo, na hata leo akilikumbuka jambo hilo hupunguza sauti, ingawa hakuna anayelala karibu.

Sasa Cibalonza ni mama wa watoto wanne, ana mikono mipana na miwani iliyofungwa kwa waya, na bado kuna wanaume wanaoingia wakamtazama kama kiti. Mwaka jana alikuja dereva wa lori, akampita, akazunguka karakana nzima, akarudi kwake.

"Maman, fundi iko wapi?"

"Ametoka."

"Atarudia saa ngapi?"

"Wewe ukiisha kueleza kama lori yako iko na shida gani, atakuwa amerudia."

Dereva alieleza kwa kirefu. Cibalonza akachukua kile chuma mkononi mwake, akakifunga kwenye mashine, akaiwasha. Yule bwana alipotoka alimwita "patron," bosi.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imetulia kidogo, aliingia mwanamke mrefu aliyebeba kikapo kichwani kwa shingo iliyokaza. Alikitua polepole mno. Ndani, kwenye kitenge, kulikuwa na gurudumu la chuma lenye meno, kubwa kama sahani ya kulia watu wawili, limepasuka vipande viwili. Mahali pa mpasuko, meno manne hayakuwepo kabisa.

"Karibu," alisema Venant, akaelekeza kidevu.

"Naitwa Martine, natoka kisiwa ya Idjwi, niko présidente wa coopérative ya kahawa," alisema yule mwanamke bila kukaa. "Ii ni ya mashine ya kumenya. Nilishafika kwa mafundi bane mu Bukavu. Wa kwanza anasema itasoudiwa, wa pili anasema haiwezi kusoudiwa, ananipatia rendez-vous ya mwezi wa saba. Wa tatu aliniuliza kama sina bwana wa kutuma. Wa ine anasema commande ya Kampala, majuma matatu. Sasa kahawa itaningojea majuma matatu? Itakuwa inaniangalia tu?"

Venant aliijua kahawa kidogo, maana mama yao alitoka upande wa Lwiro, penye mashamba ya kahawa. Tunda likiiva jekundu huchumwa, na siku hiyohiyo ni lazima limenywe, la sivyo huchacha na kunuka, na mnunuzi hulikataa. Coopérative ya Martine ilikuwa na mashine moja tu. Tangu Jumamosi walikuwa wameacha kuchuma. Nyumba arobaini zilikuwa zikitazama miti yao ikiinama kwa matunda, nayo yalibakiza siku sita au saba kabla ya kuwa meusi na kuanguka. Boti ya upande wake wa kisiwa ingeondoka Ijumaa asubuhi. Iliyofuata ilikuwa ya Jumanne nyingine, na hiyo isingemfaa.

Cibalonza aliviweka vile vipande juu ya meza, akavigeuza.

"Meno ni ngapi?"

"Trente-sept, thelathini na saba, pamoja na zile ine zilivunjika. Nilihesabu mara tatu mu boti, juu mutu asinidanganye."

"Trente-sept!" Cibalonza alivua miwani. "Ile namba haina rafiki, maman. Ingekuwa trente-six, moja tu chini yake, unagawanya mbili, unagawanya tatu, unafika tu muzuri. Trente-sept inakatalia kila mutu."

"Kwa hiyo hapana?"

"Sijasema hapana. Yaya, ile sahani ya Papa iko?"

Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utotoni. Venant alikwenda nyuma ya mitungi ya gesi, akatoa sahani ya chuma kizito, nene kuliko vidole viwili vilivyolala, ambayo Muzee aliitoa katika mashine ya kale na kuitunza bila kusema ya nini. Ilikuwa moja tu. Katika mji mzima chuma kinachouzwa ni chembamba, cha milango na madirisha. Martine alitazama ile sahani, akatazama gurudumu lake, akaelewa bila kuambiwa kwamba hakuna jaribio la pili.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa," alijibu Cibalonza.

Jumatano asubuhi sahani ilikuwa tayari imechongwa mviringo na kutobolewa katikati, kipimo kwa kipimo na gurudumu la zamani. Martine alilala kwa ndugu yake, kule mtaa wa Bagira, akaja mapema, akageuza ndoo, akaikalia. Na hapo ndipo alipoona kazi ya mlango.

Mistari ile Muzee Bruno aliichora kwa ncha ya chuma, sentimeta mbili kati ya mmoja na mwingine, na kando ya kila mstari akagonga namba. Ukitaka kugawa ukanda wa karatasi katika sehemu zilizo sawa, hata kama urefu wake haugawanyiki, huhitaji kalamu ya hesabu. Unaegesha ncha moja kwenye ukingo wa chini kabisa wa mlango, pale pasipo na namba. Unauinamisha ukanda mpaka ncha ya juu iguse mstari wa namba unayoitaka. Kila mahali mstari unapoukata ukanda, unatia alama, na sehemu zote zinakuwa sawasawa, namba iwe na marafiki au isiwe nao. Muzee hakusoma kumpita Venant. Alipata wapi jambo kama lile, hakuna aliyewahi kujua.

Tangu azikwe, mlango ulikuwa haujagawa kitu. Watu wanataka madirisha siku hizi.

Wakakata ukanda wa karatasi wa kuzungushia kichwa cha tour, na Venant akapiga magoti akashika ncha ya chini. Cibalonza akakalia kibao, akauinamisha ukanda hadi mstari wa thelathini na saba, akatia alama kwa kalamu ya risasi, moja moja, midomo imebana. Kisha wakauzungusha ukanda kwenye mandrin, ile sehemu ya tour inayokishika chuma kwa nguvu, na ncha zake mbili zikakutana bila kupishana hata unywele. Venant akaweka msumari wa kuelekeza kwenye alama. Mandrin ikisogea alama moja, chuma nacho kinasogea jino moja.

"Na ile karatasi ndo itanikatia meno?" Martine aliuliza.

"Karatasi inaonyesha tu. Kukata ni siye," alisema Cibalonza. "Kesho mikono ya Yaya itakuwa inalia."

Muzee aliwafundisha alama moja, mkato mmoja, ili jicho lisichanganyikiwe. Cibalonza aliweka msumari kwenye alama ya kwanza, akafunga mashine isitikisike, akakata kwa msumeno wa chuma mfereji mwembamba mahali ambapo pengo kati ya meno lingekuja kuchongwa baadaye kwa kisu. Akasogeza. Akakata wa pili. Wa tatu. Mvua ilianza tena, ikapiga mabati kwa ngumi. Alipomaliza wa nne, maji yalikuwa yakiruka hadi ndani, na Venant akaenda kuusukuma mlango.

Pale, kando ya namba moja, aliona alama ya dole gumba lake, nyeusi kwa mafuta.

Alisimama. Namba moja. Alikuwa ameshika ncha ya ukanda kwenye mstari wa kwanza. Na chini ya mstari ule ukingo wa kale haukuwepo tena. Mwaka jana kutu ilikuwa imekula sehemu ya chini ya mlango, naye mwenyewe akaikata, akaunganisha bamba jipya, zuri, pana, akalisugua hadi likang'aa. Watu walilisifu. Asubuhi hii alipopiga magoti, mkono wake haukupata ukingo wa Muzee, ukaenda kwenye mstari wa kwanza uliouona. Kutoka moja hadi thelathini na saba kuna hatua thelathini na sita.

Nyuma yake alisikia Cibalonza akifungua mandrin kwenda alama ya tano. Martine alikuwa akimweleza kitu na wote wawili wakacheka. Venant akageuka kuelekea tour. Kuna mambo ambayo angependa kuyasema kwa chuma peke yake. Alisikia meno ya msumeno yakigusa chuma, mguso ule mdogo wa kutafuta mahali.

"Simama."

Cibalonza aliinua kichwa. Katika miaka yote ile kaka yake hakuwahi kumwambia neno hilo akiwa kwenye mashine.

"Simama, Cibalonza. Ni miye. Nilishika ku moja. Haikuwa ku moja."

Cibalonza hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Venant zaidi. Aliweka msumeno chini, akazungusha mandrin kwa mkono, akihesabu alama kwa mdomo usio na sauti. Ziliisha kwenye thelathini na sita.

"Kuko nini?" Martine alikuwa amesimama, ndoo imeanguka. "Mbona munanyamaza? Imekufa?"

Cibalonza alichukua kile kipande kikubwa cha gurudumu la zamani, chenye meno mazima kumi na tisa, akakiegesha juu ya uso wa chuma kipya, ukingo kwa ukingo. Akausogeza mkato wa kwanza hadi ukakaa katikati kabisa ya pengo. Akawasha taa ya simu. Akainama, na Venant akainama pamoja naye, vichwa vyao vikagusana.

Mkato wa pili ulikuwa ndani ya pengo lake, umeelemea kulia. Wa tatu umeelemea zaidi. Wa nne ulikuwa umesimama mwishoni kabisa, na kati yake na ubavu wa jino kulibaki unene wa ukucha. Wa tano haukuwepo bado. Lakini alama yake ilikuwepo, na msumeno ulikuwa umekwangua pale mkwaruzo mmoja mweupe, juu juu, na mkwaruzo ule ulikuwa umelala ndani ya jino.

"Iko ndani," alisema Cibalonza polepole. "Zote ine ziko ndani ya mahali pa kutupa. Kisu itazimeza. Ya ine ilibakiza ukucha tu." Alinyoosha mgongo. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye waya wa miwani. "Haijakufa, maman. Ilikuwa inaenda."

Martine alikaa chini, sakafuni, juu ya vumbi la chuma, na kitenge chake kizuri. "Yesu wangu," alisema. "Ukucha!"

"Ukucha," alisema Venant. Alitaka kuomba radhi. Cibalonza alikuwa tayari mlangoni na kipimo chake, akipima sentimeta mbili chini ya mstari wa kwanza, juu ya bamba lile jipya.

"Leta ncha na nyundo, Yaya. Papa hakuandika sifuri maana ukingo ilikuwapo. Sasa haipo. Andika."

Akaandika. Sifuri ikatoka kama yai. Wakaugawa ukanda mwingine.

Alhamisi umeme haukuja, na haukuhitajika. Mikato yote thelathini na saba ilikuwa imekwisha, na sasa tour ilikuwa imelala huku mikono ikifanya kazi yake. Cibalonza alikuwa amenoa kisu kwenye jiwe hadi kikaingia katika pengo la gurudumu la zamani bila mwanga kupita pembeni. Venant alishika usukani wa mashine, akakisukuma kisu mbele, kikapita juu ya chuma kikitoa uzi mwembamba kama ganda la kitunguu, akakirudisha, dada yake akakizamisha kwa kiasi cha unene wa karatasi, akasukuma tena. Mara sabini, mara themanini, na pengo moja likawa limekwisha. Kisha msumari kwenye alama ya pili.

Kufika saa sita mabega ya Venant hayakuwa yake tena. Martine alivua viatu, akasema hata yeye anajua kusukuma, na kweli alijua. Walipokezana. Cibalonza alisema tu "Enda" na "Rudisha," kwa sauti moja tangu asubuhi, bila kupanda wala kuchoka. Venant alimtazama kila alipopumzika. Alimtazama akifika kwenye mkato wa nne, ule wa ukucha. Kisu kiliingia, kikapita, kikapita tena, na ule mkato uliopotoka ukapungua, ukawa uzi, ukawa kivuli, ukatoweka. Ubavu wa jino ulibaki mtupu na kung'aa, kama haukuwahi kutishwa na kitu.

Lilibaki jino la mwisho, lile linalosimama kati ya pengo la thelathini na saba na la kwanza. Hilo ndilo linalobeba makosa yote ya mengine. Kama kila pengo limekosea kidogo, hata kiasi kisichoonekana, jino hilo hutoka nene kama dole gumba au jembamba kama kisu. Ilikuwa saa kumi. Cibalonza alifuta mikono, akachukua pied à coulisse ya baba yake, kipimo chenye taya mbili, akabana jino la kumi na mbili, akasoma. Akabana la ishirini na tano. Akabana la mwisho.

Alilibana tena. Kisha akamnyooshea Venant kile kipimo kikiwa kimebanwa vilevile. Venant akakihamisha mwenyewe, kutoka jino hadi jino, na kila mahali kiliingia kwa msuguano uleule laini. Umbo lile lilitoka mlangoni, kwenye karatasi, kwenye mabega ya watu watatu, na halikuwa na mwanzo wala mwisho. Venant aliligeuza akitafuta jino la kwanza, asilione. Aligundua kwamba amevua kofia.

"Yaya, ni chuma tu," alisema Cibalonza, lakini naye hakuwa ameliondolea macho.

Ijumaa walipanda boti wote watatu. Ziwa lilikuwa tulivu, na Martine alikaa na kikapo juu ya mapaja kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kwenye kibanda cha coopérative walikuta watu wamejaa hadi nje. Mashine ya kumenya ilikuwa wazi, imefutwa, ikingoja. Cibalonza alilivisha gurudumu kwenye mhimili wake, akagonga kabari, akamwambia Venant azungushe mkono wa mashine polepole.

Lilizunguka robo. Nusu. Likagoma.

Sauti ya kukatishwa tamaa ilipita kibandani, na mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Niliwaambia, Kampala!"

"Papa, Kampala ni mbali, ungoje kidogo," alisema Cibalonza bila kugeuka. Aliwasha kibatari, akapaka meno moshi mweusi, akamwambia Venant arudishe nyuma, kisha mbele hadi linapogoma. Alipotazama tena, moshi wote ulikuwa mahali pake, isipokuwa kwenye jino moja, ambapo palikuwa na nukta inayong'aa, kubwa kama kichwa cha pini. Alitoa tupa kutoka mfukoni mwa kanzu yake ya kazi. Alipitisha mara mbili. Akafikiri. Akapitisha mara ya tatu, kidogo sana, kama mtu anayefuta machozi kwenye shavu la mtoto.

"Enda, Yaya."

Venant akazungusha. Robo, nusu, na pale pa kugoma mkono ukapita kama umeteremka mlima. Akazungusha mzunguko mzima. Wa pili. Mashine ilitoa mlio wa chini, wa meno mengi yakisalimiana kwa zamu, hakuna moja linalochelewa. Martine alimwaga maji, kisha akamwaga bakuli la matunda mekundu aliyochuma mtu fulani kwa matumaini asubuhi ile. Maganda yakaanguka upande mmoja. Upande wa pili zikateleza punje nyeupe, mbilimbili, zimevaa utelezi wake, nzima.

Martine alichota punje chache, akaziangalia moja moja kwenye mwanga wa mlango, akatafuta iliyokatwa, asipate. Akageukia watu.

"Sasa munasimama hapa munaangalia nini? Muende kuchuma!"

Kibanda kilitoka mbio. Vikapo viligongana mlangoni, mtu akapoteza ndala, wanawake walipanda kilimani wakiitana kutoka shamba hadi shamba, na yule mzee wa Kampala alikuwa katikati yao na ndoo mbili. Cibalonza aliomba maji ya kunawa. Venant alibaki peke yake kwenye mashine, tupu sasa, haina hata tunda moja ndani, na aliendelea kuizungusha, akisikiliza meno yakisalimiana.